Ombi la Kumvua Mwanangu Jina la Baba Yangu

Kota za Reli,
Tabora.
Mwezi wa Sita, 1952.

Kwa Baba Mkubwa Masolwa,
Mkubwa wa Ukoo,
Ipole.

KUHUSU: JINA ALILOPEWA MWANANGU KWA MAKOSA

Baba Mkubwa, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute mzima, na nyuki wako nao wawe wazima. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa hajambo akiwa anaishi nyumba moja na marehemu baba yake mwenye umri wa miaka minne.

Najua utasomewa na mwalimu wa dini. Namwomba asome taratibu, asiruke mstari, wala asicheke kabla ya kufika mwisho, maana jambo lenyewe si la kuchekwa. Mimi ni karani wa mizigo, kazi yangu ni kuandika mambo yakaeleweka.

Wewe ndiwe uliyempa mtoto jina, kwa hiyo malalamiko yanakuja kwako. Alipozaliwa, Padre alimbatiza Kasimiri, nami nikaridhika kabisa. Tukamleta Ipole wazee wamwone. Alipofika tu akaanza kulia. Alilia jua likazama, likachomoza, akalia tena, hata mbwa wa jirani wakahamia kwingine. Wazee mkasema yuko marehemu anayetaka jina lake, na mtoto atanyamaza likitajwa lenyewe, kama desturi yetu ilivyo. Mkakaa kikao, ukaanza kuita. Ukamtaja yule babu aliyebeba pembe za ndovu begani mpaka Bagamoyo na kurudi. Mtoto akazidisha kilio, labda aliuonea uchungu ule mzigo. Ukamtaja Babu Mdogo Maganga, yule mpole aliyekuwa anasinzia hata akiwa anatafuna. Mtoto akalia vilevile. Ndipo ukasema, Lugembe. Mtoto kimya. Wanawake wakapiga vigelegele, mama yangu akajifuta machozi, na mimi nikajikuta nimempakata baba yangu mzazi, aliyefariki mwaka uliotangulia, naye akiwa amenikojolea.

Tangu siku ile sina cheo nyumbani kwangu. Mke wangu Getruda humwita mtoto baba mkwe. Mama humwita mume wangu. Mimi mwenyewe humwita Baba, naye huitika naam mwanangu, bila hata kutabasamu. Sasa nayataja mashitaka yangu moja baada ya jingine, ili yasichanganyike.

La kwanza ni kiti, pamoja na firigisi.

Nilichongesha kiti cha mikono ili nikitoka kazini nikae kama watu. Nikirudi sasa namkuta mzee amekikalia, miguu haifiki chini, ananiuliza nilikuwa wapi. Mimi nakalia kigoda. Hilo ningelimeza. Lakini kila aliyelelewa na wazazi anajua kwamba firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, na Getruda, niliyefunga naye ndoa mbele ya mashahidi, humpakulia mkwe wake. Angalau angeila. Haili, meno hayaiwezi. Huifyonza, huizungusha shavu hili na lile, kisha huitoa akanigawia mimi mwanawe. Nami sharti niipokee kwa mikono miwili nikisema ahsante Baba, maana mama akiwepo hunikodolea macho. Baba Mkubwa, mimi ni mtu ninayevaa tai.

La pili ni jogoo wangu.

Jirani yangu ni Mzee Yahaya, fundi cherehani. Kwao asili ni Uzaramo. Babu yake alikuja na msafara, akanogewa na Tabora, hakurudi tena pwani. Kwa hiyo ni mtani wangu, Mzaramo na Mnyamwezi, nao utani wake hauna likizo. Siku moja alikuja kusalimia, akampita mwenye nyumba, akaenda kuinama mbele ya kiti na kumwomba mzee jogoo. Mzee akasema chukua. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikadhani ni mchezo wa kumfurahisha mtoto, hata nikacheka. Yahaya akamkamata jogoo, akamchinja, na jioni akatuletea bakuli la mchuzi. Nilipokwenda kulalamika alinijibu kwa upole mwingi kwamba yeye hakupewa na mtoto, amepewa na mwenye mji, na kama nataka kulitangua neno la baba yangu, basi niende nikamwambie baba yangu. Firigisi ilikuwamo kwenye bakuli. Unajua ilikwenda kwa nani.

La tatu ni habari ya ndoa yake.

Bibi humtania mjukuu, hilo tumelikuta, na mama hana kosa kumwita mume. Kosa ni la huyu anayesadiki. Mama alipopanda lori kurudi Ipole baada ya masika, mzee aligoma kula, akisema mkewe ameondoka bila kuaga vizuri. Jumapili, mbele ya mlango wa kanisa, Padre alimpapasa kichwa akamwuliza kama anasali. Akamjibu kwamba anasali, na kwamba ana mke Ipole, mzee kidogo, lakini anapika vizuri, na atamleta akikua. Padre ni mgeni, hajakaa sana na sisi. Aliniita pembeni, uso umemwiva, akaniuliza ni mahari gani niliyoitoa, tena kwa ajili ya mtoto wa umri huo. Nilimweleza mpaka watu wakaisha uwanjani. Aliniambia ameelewa, ila Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya ndoa za utotoni, na macho yalikuwa kwangu.

La nne ni nyuki.

Marehemu baba alikuwa mrina asali, hilo halina ubishi, na wenye imani nyepesi hulifanya ushahidi. Huyu naye haoni chombo chenye uwazi asikiite mzinga. Sufuria ni mzinga, kofia yangu ya kazi ni mzinga, kiatu cha kushoto ni mzinga. Anavitega ukutani, anakaa kando amechuchumaa, na mtu akipita anaambiwa anyate asiwatishe nyuki. Nimekwenda kazini na viatu vyenye majani ya kuvutia nyuki ndani yake. Nilivumilia, maana nilijua Tabora mjini nyuki hawana haja na kiatu cha karani.

Mwezi uliopita alimwamuru Mzee Yahaya amtundikie mzinga mkubwa kwenye mkwaju ulio nyuma ya kota. Mzinga huo ni sanduku langu la bati, lile nililotoka nalo kwetu, na ndani yake lilikuwamo koti langu la harusi. Yahaya, mtu mwenye wajukuu na mvi zake, aliweka ngazi, akapanda, akalifunga kwa kamba, akashuka akaaga. Mimi nilikuwa kazini. Nilipolikosa sanduku nikadhani mwizi, nikawashuku watu wa watu. Siku ya Jumapili nikainua macho, nikaliona linaning'inia. Nikapanda mwenyewe kwa hasira, nikafungua kifuniko. Nyuki walikuwa wamekwisha kuhamia. Koti lilikuwa sandukuni, nyuki walikuwa kotini, na punde si punde walikuwa katika suruali niliyovaa.

Kota nzima walifunga milango. Jirani mmoja alijifungia chooni mpaka adhuhuri, na hadi leo hajibu salamu yangu. Mzee yeye alikuwa amesimama chini ya mti, nyuki wanamtembea kichwani, hakuumwa hata na mmoja, akinikaripia niache kupiga kelele kwa sababu nyuki hawapendi mtu wa haraka. Ni kweli marehemu alizoea kunikaripia kwa maneno hayo hayo. Mtu yeyote angeweza kuyasema.

Nilipofungua macho, maana yalikuwa yamevimba, nikakata fimbo. Getruda akasimama mlangoni akasema hawezi kuona baba mkwe wake akichapwa katika nyumba anayopikia yeye, na kwamba anayemwinulia baba yake fimbo, mkono hukauka. Nikamwambia mkono umekwisha kuumuka kama andazi, ukikauka utakuwa umepata nafuu. Lakini fimbo niliiweka chini.

La tano ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unajua sisi tulivyo: mtu akisafiri, mzee hutia maji kinywani akampulizia, naye huenda na baraka. Mama alipokuja masika alimfundisha mumewe jambo hilo, akarudi zake Ipole akiwa ametuachia. Basi kila asubuhi, nikiwa nimekwisha kuvaa shati jeupe na tai, mzee ananisimamisha mlangoni, anajaza kinywa, ananipulizia. Angepulizia maji ningenyamaza. Anapulizia anachokunywa saa hizo, nacho ni uji wa ulezi. Nafika ofisini na madoa kuanzia kola hadi kifungo cha mwisho. Bwana Stesheni Masta ameniuliza, kwa huruma, kama nyumbani kuna mtu anayeumwa.

Hayo ni ya shati. Kuna ya moyo, nayo niyaseme wazi, kwa kuwa wewe ulikuwepo. Baba yangu, yule mwenyewe, hakunipulizia. Siku naondoka Ipole kuja kazi ya reli nilisimama mbele yake na sanduku hilo hilo la bati, lori linangoja barabarani. Alitaka nibaki na nyuki, mimi nilitaka treni. Nikamwomba baraka. Hakusema neno. Aligeuka, akanipa mgongo, akaelekea kwenye kile kibanda cha asali, chenye mizinga mibovu na mtungi wa maji. Lori likapiga honi. Nikapanda hivyo hivyo, mkavu. Nikapangiwa Kaliua, na nikiwa Kaliua ndipo simu ya msiba ikanifikia. Sikuwahi kuonana naye tena, wala sijui aliniacha na kinyongo gani, na jambo hili limekaa kifuani pangu kama mwiba wa samaki.

Sasa nakuuliza, Baba Mkubwa: mtu aliyeninyima tone moja la maji siku niliyolihitaji, arudi duniani kunimwagia uji siku zote nisizouhitaji? Haiingii akilini. Nilimwuliza mwenyewe. Jioni moja nilichuchumaa mbele ya kiti, nikamwita Baba, nikamwuliza kwa heshima zote ni kwa nini siku ile alinipa mgongo. Alinitazama kwa muda mrefu, mpaka mwili ukanisisimka. Kisha akasema anataka kukojoa. Hilo si jibu la mtu mzima aliyeulizwa jambo zito na mwanawe, na kwa jibu hilo mimi nilijua kwamba huyu siye.

Sasa nautoa ushahidi, ambao nimeuficha kwa kumstahi mtu. Siku ile ya kuita majina nilikuwa nimekaa ubavuni mwa Shangazi Apolinaria. Kabla hujatamka Lugembe, nilikiona kidole cha shangazi kikitoka kwenye bakuli la asali na kuingia kinywani mwa mtoto. Sisemi alikusudia hila. Ni dada wa marehemu, ana huruma, na mtoto alikuwa anamlilia sikioni. Lakini kilichomnyamazisha mtoto si jina, ni asali. Ungetaja jina la Stesheni Masta wakati ule, angenyamaza pia, na leo tungekuwa tunamwita Stesheni Masta. Sisi wa mizigo tunalijua kosa la namna hii: kikapu cha dagaa wa Kigoma kikibandikwa kibandiko cha nta ya Ipole hakigeuki nta. Kitafika kwa mwenye nta, nacho kitanuka dagaa, na mwenye nta ana haki ya kulalamika.

Kwa hiyo naomba kikao kiitwe upya mwezi ujao, wakati wa kurina. Mashangazi wote wanawe mikono na kuonyesha vidole. Bakuli la asali likae nyumba ya pili, na mtu mwaminifu alilinde. Kisha mtoto apewe jina la Babu Mdogo Maganga. Yule hakuwahi kumwamuru mtu, hakuwa na mizinga, na kuku wakichinjwa alikuwa amelala. Ninaona ndiye marehemu anayefaa nyumba ya karani.

Kwa kungoja uamuzi wako, nimekwisha kumvua mzee madaraka. Kiti nimekirudisha kwa mwenyewe. Kikombe cha uji nakipandisha juu ya kabati mpaka nitakapokuwa nimeondoka, na nimemkataza kunipulizia chochote. Ukoo ukinikatalia, nitapeleka shauri kwa Liwali, ingawa nasikia Liwali naye ana wajukuu.

Nisalimie wote hapo Ipole, kuanzia mlango wa kwanza hadi wa mwisho. Mama mwambie mumewe yu mzima, anakula vizuri, hasa chakula cha wengine. Shangazi Apolinaria msalimie sana, ila ile aya ya kidole mwalimu aisome akiwa ametoka nje. Getruda anakupigia magoti. Mzee Yahaya anasema anakungoja Tabora, kuna kuku wangu mwingine anamtazama.

Ni mimi mwanao, mwenye kukutii hata nikikulalamikia,

Alois Lugembe,
Karani wa Mizigo, Stesheni ya Tabora.

Nyongeza.

Bahasha nilikuwa nimeifunga, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Mwalimu asichoke, amebakiza kidogo.

Jana Getruda aliisoma barua yote, kimya, kama masista walivyomfunza. Alipomaliza akaniuliza jambo moja tu: katika marehemu wote walioitwa siku ile, ni nani angeacha kilio chake kwa ajili ya asali? Nilikaa nikafikiri. Yule wa pembe sijasikia kwamba alipenda kitamu. Babu Maganga, asali ilimtia kiungulia, wewe mwenyewe ndiye uliyetusimulia. Nikainuka, nikaingia kulala.

Hilo bado ningelibishia. La leo asubuhi siliwezi.

Nimetoka na shati safi, kama nilivyotaka. Nimefika penye reli nikasimama. Nilijiona mkavu, mkavu vilevile kama siku ile ya lori, na nikaogopa, mtu mzima na tai yangu. Nikarudi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, amenuna, hajanisemesha tangu nimnyang'anye kiti. Nikapiga magoti pale mlangoni, nikamwambia, Baba, mimi nakwenda kazini. Hakusema neno. Akageuka, akanipa mgongo, akaingia ndani.

Nikajisemea, ndiyo hivyo tena. Nikainuka nikapangusa magoti. Nilikuwa nimekwisha kuuvuka ua niliposikia miguu midogo inanikimbilia. Kinywa kimejaa, mashavu yamevimba, hawezi kusema, ananipungia mikono nisiondoke. Kikombe Getruda alikuwa amekwisha kumteremshia. Nikachutama ili anifikie.

Kazini nimechelewa, na shati sijalifuta mpaka saa hii ninapoandika. Kiti nimemrudishia. Kikao usikiitishe. Asali ya msimu huu tafadhali usimsahau mdogo wako, ameuliza mara nyingi.

Ila nijibu hili moja, nami nitaingoja barua yako kila lori likiingia. Wewe siku ile ulikuwa umesimama karibu na kibanda, ulikuwa unamwona. Baba aliponipa mgongo, kabla lori halijapiga honi, alikuwa anakwenda kuchukua nini?